Kazi ya Fundi Huisha Lini?

Msomaji, ukisimama Mai Mahiu wakati wa magharibi, ukaelekeza uso wako kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, utaona taa za malori zikishuka moja baada ya moja kama shanga zipitazo katika uzi. Barabara ile ilichongwa na wafungwa Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nao wakaacha kando yake kanisa dogo walilolijenga katika mwaka wa 1942, ambalo hata leo lingali limesimama. Malori hushuka kwa breki. Yakaribiapo chini, harufu ya breki zilizopata moto hutangulia kufika kabla ya lori lenyewe, na madereva wengi husimama hapo: huyu apate chakula, huyu apumzike, na huyu amtafute fundi.

Chukua mfano wa huyo wa tatu. Fundi amefungua gurudumu, ametoa kilicholika, ametia kipya, amepokea fedha zake. Lori limeondoka kwenda Narok. Je, deni la fundi kwa dereva yule limekwisha? Watu wengi watajibu upesi kwamba limekwisha: kazi imefanywa, ujira umelipwa, kila mtu na ashike njia yake. Jibu hili lina haki ndani yake, wala sitaki ulidharau. Kama fundi angeandamwa maisha yake yote na kila msumari alioupata kuupiga, hapana mtu ambaye angekubali kuwa fundi. Lakini yuko fundi mwingine ambaye kazi yake ni kitu asichoweza mwenyewe kukifungua, wala kukitazama, wala kukiacha njiani kinapoharibika. Nataka tulipime jibu lile kwa kazi ya fundi huyu.

Kila mtu ana nyonga mbili. Kichwa cha fupa la paja, chenye umbo la tufe, hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na kati yao pana gegedu nyororo na ute unaorahisisha mwendo. Gegedu hiyo ikiisha kwa uzee, au mfupa ukifa kwa kukosa damu, au ukiwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, kila hatua huwa adhabu. Hapo ndipo daktari wa mifupa huweza kukata kichwa kilichoharibika, akapenyeza ndani ya fupa la paja mhimili wa madini wenye tufe la madini au la kauri juu yake, na katika kiuno akatia kikombe kipya, aghalabu chenye bitana ya plastiki. Juu ya Mai Mahiu, katika msitu wa ukingo wa bonde, iko Kijabe, na hospitali yake imetibu watu tangu mwaka wa 1915. Operesheni ya namna hii hufanywa huko. Mtu aliyekwenda kwa magongo hurudi kwa miguu yake. Katika mwaka wa 2007 jarida la utabibu la Uingereza, Lancet, liliiita operesheni ya karne, na mimi sioni kuwa sifa hiyo ilizidi kiasi.

Lakini kitu kinachosuguana hulika. Mtu wa kawaida hukanyaga kwa kila mguu mara zipatazo milioni moja kwa mwaka, na kila akanyagapo nyonga hubanwa kwa nguvu iliyo karibu mara tatu ya uzito wa mwili wake. Plastiki iliyotumiwa kwa miaka mingi ililika kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani unene wa karatasi moja. Waweza kucheka na kusema kwamba karatasi moja kwa mwaka si kitu. Ajabu ya jambo hili ni kwamba hatari haimo sana katika kile kilichopungua kwenye kikombe, bali imo katika kile kilichotoka. Vumbi la plastiki, ambalo chembe zake nyingi ni ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, huenea kuzunguka kiungo. Chembe za damu zilizowekwa kulinda mwili huja, huzimeza zile za plastiki, hushindwa kuziyeyusha, na katika kushindwa kwake hupiga baragumu ya kuita wasaidizi. Miongoni mwa wasaidizi hao wamo wale ambao kazi yao ni kula mfupa. Basi mfupa wenyewe uliobeba kiungo kipya huanza kuliwa, kimyakimya, kwa miaka, mpaka mhimili ulegee. Maumivu huja mwishoni, pengine siku ile ile mfupa unapovunjika.

Ipo na namna ya pili ya kulika. Maji ya mwili yana chumvi, nayo chumvi ni adui wa madini. Madini ya nyonga, kobalti na kromiamu yaliyochanganywa, yamejaliwa ngozi nyembamba mno ya kuyakinga. Lakini mahali tufe linapovikwa juu ya mhimili pana ufa usioonekana kwa macho, na kila hatua huvitikisa vitu viwili hivyo kidogo sana. Mtikisiko hukwangua ile ngozi, maji yaliyojibana katika ufa hugeuka kuwa makali, madini huyeyuka. Umepata kuona kutu ikianzia chini ya kichwa cha parafujo, mahali maji yanapojificha? Mambo ni hayo, isipokuwa kwamba kutu ya nyonga huweza kuua nyama iliyo kando yake, na kobalti ikizidi sana katika damu imepata kudhuru moyo, masikio na macho ya baadhi ya wagonjwa.

Sasa nitakusimulia habari za mtu mmoja, kwa sababu swali letu lilimkabili waziwazi kuliko alivyopenda. John Charnley alikuwa daktari wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitafuta kitu kinachoteleza vizuri cha kutengenezea kikombe, akachagua Teflon, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Wagonjwa wapatao 300 walitiwa vikombe hivyo. Walisimama, walitembea, walimshukuru. Kama Charnley angekuwa mtu wa jibu lile la kwanza, kwamba ujira ukilipwa deni limekwisha, angeishi na shukrani zile. Lakini aliendelea kuwatazama wagonjwa wake na picha za mifupa yao, akaona kwamba tufe linazama ndani ya kikombe, na kwamba vumbi la Teflon linaharibu nyama. Katika muda wa miaka michache ilikuwa dhahiri kwamba kazi yote ile imeharibika, na kwamba watu wale walioamini mikono yake ilibidi wapasuliwe tena.

Tazama alivyotendewa na kijana wake wa karakana. Harry Craven alikuwa fundi aliyemtengenezea vyombo. Katika mwaka wa 1962 alifika mchuuzi mwenye plastiki ngumu iliyotumika kwa magurudumu ya meno ya mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliigusa akaona haifai. Craven hakubishana naye. Alikata kipande akakiweka kwenye mashine ya kupimia msuguano, akaiacha isage usiku na mchana. Baada ya wiki tatu plastiki ile ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho Teflon ililika kwa siku moja. Daktari alipooneshwa alikubali kwamba yeye alikosea na fundi wake alipata. Mnamo Novemba mwaka ule ule alianza kuitumia plastiki hiyo, nayo ndiyo mama wa plastiki za nyonga za leo. Napenda wanafunzi walijue jina la Craven, kwa maana vitabu vingi hulipita bila kulitaja.

Hata hivyo Charnley alikuwa ameumwa na nyoka, na sasa aliogopa ung'ongo. Alitaka kujua vumbi la kitu hicho kipya hufanya nini katika nyama iliyo hai. Alichukua vumbi la Teflon na vumbi la plastiki mpya, akajidunga yote mawili katika paja lake mwenyewe. Baada ya miezi tisa palikuwa na uvimbe mahali pa Teflon, na mahali pa plastiki mpya hapakuwa na kitu. Aliyaandika hayo katika Lancet mwaka wa 1963. Tena aliwaomba wagonjwa wake ruhusa ya ajabu kidogo: kwamba watakapokufa, hata kama ni baada ya miaka mingi, nyonga zile zitolewe zirudishwe kwake, azipime zimelika kiasi gani. Kwa mtu huyu kazi ya fundi haikuisha hata kwa kifo cha mwenye kazi.

Usidhani ninamfanya malaika. Wale 300 walikuwa watu, wala uvimbe wa paja lake haukuwapunguzia maumivu. Isitoshe, jaribio lake lilimdanganya nusu: plastiki mpya haikutoa uvimbe kwa miezi tisa, lakini katika miaka kumi au ishirini vumbi lake nalo lilionekana kula mfupa. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliitupia lawama saruji inayoshikilia nyonga ndani ya mfupa, hata wakatengeneza nyonga zisizotumia saruji. Na mfupa ukaendelea kuliwa vile vile. Ilibidi kurudi kwenye vumbi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki imeimarishwa kwa kupigwa mnururisho, na ulikaji wake umepungua sana. Uchunguzi uliochapishwa katika mwaka wa 2019 ulionesha kwamba nyonga kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Ni ushindi mkubwa. Lakini angalia ulivyojulikana: hapana mtu mmoja aliyeweza kuuona kwa macho yake, ulionekana kwa sababu nyonga ziliandikwa katika madaftari, moja moja, kwa miaka mingi.

Sweden ilianza daftari la taifa la nyonga katika mwaka wa 1979. Australia ilianza lake mwaka wa 1999. Katika Afrika, Malawi ilianza kuandika viungo vilivyobadilishwa katika mwaka wa 2005, nayo si nchi ya matajiri. Daftari la namna hii ni kitu kikavu: jina la nyonga, tarehe ya kutiwa, tarehe ya kutolewa kama ilitolewa. Hakuna atakayelisoma kwa burudani. Lakini sikiliza lilivyofanya kazi.

Kuanzia mwaka wa 2003 kampuni ya DePuy, iliyo mali ya Johnson & Johnson, iliuza nyonga iitwayo ASR, ambayo tufe lake lilikuwa la madini na kikombe chake pia cha madini. Fikira yake ilivutia: ondoa plastiki, uondoe vumbi la plastiki. Kumbe madini juu ya madini hutoa vumbi lake, tena lenye kobalti na kromiamu. Mwaka wa 2007 daftari la Australia lilikwisha kuonesha kwamba nyonga hizo zinatolewa kuliko ilivyotazamiwa. Kampuni iliziondoa katika soko la Australia mwishoni mwa mwaka wa 2009, na katika dunia nzima mnamo Agosti 2010, baada ya daftari la Uingereza kuonesha kwamba katika miaka mitano kiasi cha watu 12 au 13 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupasuliwa tena. Watu wapatao 93,000 walikuwa wamezitiwa. Mwaka wa 2013 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 hivi kwa wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani.

Hapa msomaji mwenye haki atauliza: kosa la fundi liko wapi, ikiwa hakuna awezaye kujua yajayo? Ni swali zuri, nami sitaki fundi alaumiwe kwa kutojua. Charnley hakujua. Lakini pana tofauti baina ya asiyejua kwa kuwa jambo halijatokea, na asiyejua kwa kuwa hakutazama. Na pana tofauti kubwa zaidi baina ya hao wawili na yule aliyeoneshwa hesabu akachelewa. Kutoka 2007 hadi 2010 ni miaka mitatu. Weka miaka hiyo kando ya wiki tatu za mashine ya Craven, kisha ujiamulie mwenyewe.

Turudi nyumbani. Mfikirie mama mmoja wa Mai Mahiu auzaye mboga kando ya barabara. Alibadilishwa nyonga miaka minane iliyopita. Leo anapanda matatu, anainama, anabeba kikapu. Aliambiwa arudi hospitali mara kwa mara apigwe picha, naye alirudi miaka miwili ya kwanza. Kisha akaona kwamba kwenda ni nauli, picha ni fedha, na siku isiyouzwa mboga ni siku isiyo na unga. Ukimwuliza atakujibu, "Mwanangu, siumwi. Niende kutafuta nini?"

Jibu lake ni la busara katika karibu mambo yote ya dunia. Asiyeumwa hamsumbui mganga. Lakini nimekwisha kukuonesha kwamba katika jambo hili maumivu ni mjumbe anayechelewa. Mai Mahiu inajua habari za wajumbe wanaochelewa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli huko juu upande wa Kijabe, baada ya njia ya maji iliyo chini ya tuta kuzibwa na mawe, udongo na magogo, yalibomoa yakashuka juu ya watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kilicho chini ya ardhi, kama kilicho chini ya nyama, hakipigi kelele ya kutaka kutazamwa. Lazima awepo mtu ambaye ni kazi yake kwenda kukitazama.

Je, ni kazi ya nani kumtazama mama yule? Waweza kusema ni yake mwenyewe, kwa kuwa mwili ni wake, na sehemu ya mzigo ni yake kweli. Lakini fikiri alinunua nini siku ile. Hakuichagua nyonga kama mtu achaguavyo sufuria sokoni, akiigeuza na kuigongagonga. Alikuwa amelazwa, amelala usingizi wa dawa. Alichonunua ni neno la watu wanaojua kuliko yeye, nalo neno hilo halikuwa la siku moja. Kwa maoni yangu deni humwelemea zaidi yule anayejua zaidi: mtengenezaji kwanza, daktari pili, na mama mwisho.

Daktari atanijibu, naye atakuwa na haki, kwamba wagonjwa waliovunjika wamejaa mlangoni. Saa atakayoitumia kumtafuta mtu mzima ataiiba kwa mtu mgonjwa. Pingamizi hili ni zito, wala sina jibu la kulimaliza. Nasema tu kwamba yako mambo yasiyogharimu mengi. Mama aweza kupewa kadi yenye jina na namba ya nyonga yake, aitunze pamoja na kitambulisho chake. Aweza kupigiwa simu mara moja kwa mwaka, maana simu imefika hata kibandani pa mboga. Na nyonga yake yaweza kuandikwa katika daftari, pamoja na za wenziwe. Hili la mwisho ndilo kubwa. Nyonga iliyoandikwa ikiharibika, huharibika pamoja na dada zake, na watu huuliza sababu. Isiyoandikwa huharibika peke yake. Zile za Australia zilipoharibika, zilionekana kuwa kosa la mtengenezaji. Nyonga ya namna ile ile ikivunjika mahali pasipo daftari, majirani watasema ni uzee, au ni kudra, watamletea mama uji, na mhimili mwingine kama ule utatiwa katika mwili wa mtu mwingine wiki ijayo.

Malori bado yanashuka. Mfikirie na fundi wa Mai Mahiu, yule tuliyeanza naye, ameketi juu ya gurudumu kuukuu. Lori alilolitengeneza wiki iliyopita linarudi kutoka Narok na shehena ya ngano, linasimama ili utingo anunue mahindi ya kuchoma. Fundi anainuka bila kuitwa. Anapeleka kisogo cha mkono wake karibu na gurudumu aone lina joto kiasi gani, anainama kutazama ndani, kisha anamwuliza dereva zilishikaje pale penye kona kali. Dereva anamjibu akiwa bado kitini, na fundi anasikiliza mpaka mwisho.